Kadi ya Kopo la Nne

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi watu wa sinema mliosafiri kutoka kumbi za mbali, familia inawaomba mvumilie msikilize historia hii mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu mstari huo marehemu aliuagiza mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bwana Kadi, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Kitambulisho chake kinasema 1950, hilo ni kosa la karani, familia imefuata daftari la zahanati.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na stesheni ya treni kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1963, akikosa muhula mmoja tu, wa pili wa mwaka 1959, alipougua surua, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kutunukiwa cheti cha umeme tarehe 1 Desemba 1966. Cheti hicho kilikaa ukutani sebuleni maisha yake yote, kikiwa kimepinda kidogo upande wa kushoto, na hakuna aliyeruhusiwa kukinyoosha isipokuwa yeye, naye hakukinyoosha.

Baada ya kutengeneza redio kwa mwaka mmoja na nusu, aliajiriwa Jumatatu tarehe 2 Septemba 1968 katika kampuni ya majumba ya sinema, wakati huo ikiwa na kumbi mbili tu nchi nzima, kazi yake ikiwa kuchana tiketi mlangoni na kuwaonyesha watu viti kwa tochi. Mwaka 1970 alipandishwa ghorofani, kwenye chumba cha mashine, chumba chenye joto la kuokea mkate, mashine mbili, kiti kimoja kisicho na mgongo na kidirisha cha ukubwa wa daftari, na humo akajifunza kwamba sinema moja huja kwa vipande vitano au sita, kila kipande ndani ya kopo lake la bati, na kwamba fundi akizubaa kipande kimoja kinapokwisha, ukumbi mzima utamkumbusha kwa miluzi na majina ambayo si ya kusomwa mbele ya jeneza.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975 na mwuza tiketi wa ukumbi wa pili, ambaye ndiye mjane wetu aliyeketi hapa mbele. Uchumba wao ulianzia dirishani, siku marehemu alipopanga foleni pamoja na watu wengine ili akate tiketi ya sinema aliyotakiwa kuionyesha mwenyewe baada ya dakika kumi, na mama akamwuliza kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia, "We fundi, ukikaa huku chini, kule juu atakaa nani, mjomba wako?" Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wanne, wa kiume mmoja na wa kike watatu, na wajukuu saba, na kitinda mimba ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti macho yake yalipofifia.

Kampuni ilikua haraka. Kufikia Septemba 1974 ilikuwa na kumbi tisa, lakini nakala ya kila sinema ilikuwa moja tu, ikisafiri kwa treni na mabasi kutoka mji hadi mji, ikibadilishwa kila Ijumaa, na mikanda ilirudi makao makuu ikiwa imechanika vibaya huku kila fundi akiapa kwamba imemfikia hivyo hivyo. Marehemu ndiye aliyebuni dawa. Ndani ya kila kopo aliweka kadi ngumu ya rangi ya kaki, yenye mistari kumi na minne, na kila fundi, kabla ya kuonyesha na baada ya kuonyesha, alipaswa kuupitisha mkanda wote kati ya kidole gumba na cha shahada akihisi matundu ya pembeni, kisha aandike kwenye mstari wake tarehe, ukumbi na hali aliyouacha nayo, na kama hauna dosari aandike neno moja tu, "Mzima". Aliwafundisha mafundi wa kila ukumbi kwa msemo mmoja, "Ukichana, andika," na mwandiko wake mwenyewe, wa herufi zilizosimama wima, ndio ulioandika kanuni ya tano ya mafundi: anayerudisha kopo lenye dosari ambayo hakuiandika, afukuzwe kazi siku hiyo hiyo. Mikanda ikapona, kumbi zikafika kumi na nne, na jina la Bwana Kadi likamganda.

Hapa, ndugu waombolezaji, ndipo penye sehemu aliyoiagiza.

Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1979, onyesho la saa nane mchana, fundi wa ukumbi wa tatu aliugua, na marehemu, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa mafundi wote, akaenda kumshikia zamu. Alipokuwa akivisha kipande cha nne kwenye mashine alisahau kuacha ule mkunjo mdogo wa mkanda unaotakiwa kulegea chini ya lenzi, jambo ambalo fundi wa wiki ya kwanza halisahau, mashine ikauvuta mkanda kwa nguvu, na matundu yakachanika mita kumi na moja kabla hajaizima. Aliunga kwa gundi, akamaliza onyesho, akaketi kwenye kiti kisicho na mgongo na kadi mapajani. Wiki ile alikuwa ameahidiwa ukuu wa uendeshaji wa kumbi zote, mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na kanuni ya tano aliijua neno kwa neno kwa kuwa aliiandika yeye. Kwa maneno yake, kalamu ilikuwa nzito kama nyundo. Aliandika, "Mzima".

Kopo lilikwenda ukumbi wa saba, kwa fundi tuliyezoea kumwita Mwendopole, rafiki yake na msimamizi wake wa harusi, mtu aliyekagua mkanda taratibu mpaka mameneja wakamkasirikia. Mwendopole alipitisha vidole, akakuta mita kumi na moja, akafanya alivyofundishwa, akaandika kwenye mstari wake, "Kipande cha nne kimechanika, kimefika hivi." Makao makuu waliposoma kadi waliona mstari wa juu unasema mzima na wa chini unasema umefika umechanika, na wa juu ulikuwa wa Bwana Kadi mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba, saa nne asubuhi, kikao kilimwita marehemu na kumwuliza kama mkanda ulitoka kwake ukiwa salama, Mwendopole akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na marehemu akajibu, "Kadi inajieleza." Mwendopole alifukuzwa siku hiyo hiyo, kwa kuandika ukweli, na hakugusa tena mashine ya sinema. Tangu hapo amekuwa akitengeneza pasi na redio katika kibanda kilichopo pembeni ya kituo cha mabasi.

Tarehe 1 Januari 1980 marehemu alipanda cheo. Chini yake kampuni ilifikisha kumbi ishirini na mbili mwaka 1986, kila asubuhi saa nne akimpigia simu kila meneja kwa zamu, akiuliza viti vingapi vimevunjika, feni ngapi zinazunguka, mkanda umefika na basi gani. Halafu zikaja kanda za video, watu wakaanza kutazama majumbani, na kumbi zikaanza kufungwa mmoja mmoja, mmoja ukawa ghala la saruji, mwingine duka la magodoro, naye alihudhuria kila kufungwa, akifungua lenzi kwa mkono wake na kurudi nayo nyumbani imefungwa kwenye taulo. Siku alipostaafu, tarehe 31 Machi 2008, zilikuwa zimebaki kumbi tano, na kabatini mwake kulikuwa na lenzi kumi na saba. Wafanyakazi walimwona mkali asiyecheka. Hakuwa akila nao chakula cha mchana, na mama anasema aliacha kula na mafundi Oktoba 1979, naye akadhani ni cheo.

Kisukari kiligunduliwa tarehe 8 Februari 2016, kikachukua macho mwaka 2021, kisha figo, na tangu Agosti 2022 alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumapili tarehe 7 Aprili mwaka huu alimwagiza kitinda mimba apande kwenye stuli, atoe kopo lililokuwa nyuma ya lenzi, na ndani yake ilikuwamo kadi ile ile, aliyoihifadhi miaka arobaini na minne na miezi mitano. Akaeleza yote, akataka Mwendopole atafutwe amwambie kwa mdomo wake, na akiwahiwa na kifo, kadi isomwe siku hii, mbele ya watu wa sinema, kwa kuwa uongo wenyewe aliusema mbele yao.

Mwendopole alipatikana Jumapili tarehe 9 Juni na akaahidi kuja Jumatano. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi miwili na siku ishirini na nane.

Jumatano Mwendopole alifika kama alivyoahidi, akakuta turubai limefungwa uani. Baba mdogo alipinga, akasema, "Ndugu yangu azikwe na heshima yake, hayo ya makopo yaishie kabatini." Mwendopole aliomba kadi, akavaa miwani, akaupitisha ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, akauangalia mstari wa juu kwa muda mrefu, akasema, "Mwandiko wake. Someni, nitakuwepo." Hakusema kwamba amesamehe, na familia haikumwuliza. Ameketi safu ya pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, jirani yetu fundi cherehani aliyempeleka hospitali kwa gari lake bila kuchoka, na wafanyakazi wa kampuni waliositisha onyesho la saa nane leo katika kumbi zote tano.

Fundi Mwendopole, marehemu aliagiza mstari wake usahihishwe, na sasa unasomeka hivi: tarehe 20 Oktoba 1979, ukumbi wa tatu, kipande cha nne, matundu yamechanika mita kumi na moja, nimechana mimi.

Baba, imeandikwa. Pumzika kwa amani.