Ufunguo wa Stoo ya Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa muuguzi, kisha mshauri nasaha wa kanisa. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Watu walimwita Mama Ufunguo. Narudia, Mama Ufunguo, na sababu yake mtaisikia.

Tutamwona kwa macho ya mtu ambaye hakumwamini hata chembe. Ni fundi cherehani, mwanamke, mwenye kibanda mkabala na kanisa. Mwenyewe amekubali tusimulie.

Fundi alikuwa na sababu zake. Mumewe alikuwa akimpiga, hata kwa ile rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Alimwambia mtu mmoja tu, dada yake wa tumbo moja. Dada akaipeleka habari ukweni, akidhani anasaidia. Ukweni wakaitisha kikao, na aliyepigishwa magoti aombe radhi ni fundi. Baadaye mume aliondoka mwenyewe. Kipigo kikaisha, lakini yale magoti hayakuisha. Na dada? Miaka minne hawakusalimiana. Aliyeumwa na nyoka, wasikilizaji, akiona unyasi hushtuka.

Usingizi ulipomkimbia hata akawa anajichoma na sindano, akaenda kwa Mama Ufunguo. Anasema hakwenda kutibiwa. Alikwenda kuchungulia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kanisa. Ngoma mbili za kwaya, viti vya plastiki vimepandana hadi darini, harufu ya mishumaa. Viti viwili viko chini, na cha karibu na mlango ni cha mgeni. Mama akafunga mlango kwa ndani, akachomoa ufunguo, akamwekea fundi kiganjani.

"Shika wewe. Ukichoka, fungua uende."

Fundi akaona huo ni mtego. Nani anafunga mlango halafu anakupa ufunguo? Tena huyu si anaimba kwaya na dada, bega kwa bega?

Miezi mitatu akawa anakuja, anakaa, anaongelea nyuzi na kukatika kwa umeme. Mama anaitikia. Mwisho anaomba kwa sentensi moja: "Bwana, unamjua kuliko mimi." Fundi hafumbi macho. Anamtazama mdomo.

Kisha fundi naye akamtega Mama. Gauni la harusi la dada yake liliwahi kuungua na pasi, kwa bahati mbaya. Akamwambia Mama, "Nililiunguza makusudi." Uongo mtupu. Na hakumwambia mtu mwingine. Maneno hayo yakimfikia dada, aliyeyapeleka ni mmoja.

Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma, anawatazama Mama na dada wakinong'onezana katikati ya nyimbo. Wiki ya tatu, dada akatokea kibandani. Fundi akasimamisha cherehani.

"Haya, sema."

"Zipu imekatika," dada akasema, akaweka sketi mezani.

"Mafundi wameisha mtaa mzima?"

"Wapo. Wanashona wanapinda."

"Nani amekutuma?"

"Si nimekwambia, zipu."

"Mama Ufunguo amekuambia nini?"

"Kuhusu nini? Kwani mnajuana?"

Fundi akamkagua uso kama anavyokagua mshono. Hakuona uzi uliolegea.

Akarudi stoo. "Lile la gauni nilikudanganya."

"Nilijua," Mama akasema. "Lilitoka limenyooka mno. Ya kweli hujikwaa njiani."

"Mbona ulininyamazia?"

"Ulikuwa unapima kamba kama itakubeba. Mwenye kupima hasukumwi, mwanangu."

Siku hiyo fundi akasema ya kweli, yakijikwaa. Rula, magoti, dada. Mama hakumharakisha kusamehe. Alisema jeraha likifungwa na uchafu wake huozea ndani. Akasema pia, "Mungu hakukuumba uwe ngoma." Fundi akacheka kwa mara ya kwanza mle chumbani, maana ngoma zenyewe zilikuwa pale pale, zinasikiliza.

Ile sketi aliitia zipu. Salamu na dada zikarudi. Salamu tu, hakuna zaidi.

Wiki iliyopita, wakiwa stoo, Mama akashika kifua. Fundi akafungua mlango, akaita watu. Wakamkimbiza hospitali, na hakurudi. Katika hekaheka ile fundi alifunga mlango, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa aproni yake.

Siku ya msiba, waombolezaji walikosa pa kukaa. Viti vyote viko stoo. Mume wa marehemu akasimama kwenye uwanja wa kanisa.

"Ufunguo ni mmoja tu," akasema. "Marehemu alimshikisha anayeingia. Wa mwisho kuingia ndiye anao. Mimi simjui. Miaka yote hiyo hakunitajia jina la mtu hata mmoja."

Akinamama wakaanza kutazamana. Ni nani huyo, na ana nini? Fundi alikuwa ameketi juu ya tofali, mkono mfukoni. Angeweza kuuangusha mlangoni kimyakimya na kupita zake. Akiutoa, mtaa wote utajua kwamba na yeye alikwenda kulia kule. Akamtazama mtu mmoja tu, dada yake. Kisha akasimama.

"Ninao mimi, baba."

Mzee akamtazama kama mgeni, ilhali suruali aliyovaa ilikuwa kazi ya mkono wa fundi. Akampisha njia. Minong'ono ikaanza upande wa nyuma. Hapo dada naye akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Twende," akasema. "Viti ni vizito, hutaviweza peke yako."

Wakaenda, wakavitoa pamoja.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mume wa marehemu, watoto wake, na kwaya iliyopungukiwa sauti. Mungu awashike mkono. Nawe unayetusikiliza, yupo mtu aliyewahi kukuwekea neno lake kiganjani. Liko wapi sasa? Umelitunza, au limeshafika ukweni?

Mama Ufunguo ameondoka na ya watu wote. Hapa studio tunanyamaza kidogo, kwa heshima yake.