Fungu Langu Lisingoje Bei

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, na wewe Mama Pacha iache hiyo mito, umeipanga na kuipangua tangu asubuhi na shingo yangu bado haijapata raha. Jana nilitaka kusema nikapitiwa na usingizi, na leo siuamini tena. Mwalimu, wewe mkubwa, kaa hapa kitandani miguuni pangu. Mama Pacha, binti yangu wa katikati, kaa kwenye kiti. Na wewe Popo, kitinda mimba wangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi, ingia ndani. Maneno niliyonayo ni mengi kuliko pumzi, na mrija huu wa puani unanipa hewa kwa kipimo, kwa hiyo nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza.

Bei imefika wapi leo? Hapana, Popo, usiniambie. Nitauliza baadaye.

Mali yangu haina vita. Nyumba ni ya wote watatu, na isiuzwe maadamu mmoja wenu analala humu. Mapipa ya kufulia na pasi zote mbili achukue Mama Pacha, maana ndiye peke yake asiyechoma kola. Nyuma ya mlango huo kuna koti la kijivu la yule mzee wa bima, nililifua kabla sijalala kitandani hapa na hajaja kulichukua. Hilo ni deni langu, lipelekeni kwake, na mkimkuta amekufa mpeni mkewe, lakini msilivae. Hayo ni mepesi. Linalonigeuzageuza humu kitandani ni chumba cha pasi na mashine zilizomo, kwa sababu najua nikishafumba macho, Mwalimu atamwambia Popo akusanye vyuma vyake aondoke. Usibishe, mwanangu. Ulimwambia dada yako jikoni, na kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Mnajua nilivyowalea. Nilikuwa dobi tangu Mwalimu yuko mgongoni, nikafua mashati ya makarani, mashuka ya nyumba ya wageni na magwanda ya gereji ya jirani ambayo yalinila vidole, na katika chumba kile baba yenu alinitengenezea meza ndefu ya kupigia pasi kabla maradhi hayajamchukua. Siku Popo alipokuja na habari za kuchimba sarafu za mtandaoni, nilimuuliza jembe liko wapi. Akacheka, kisha akakaa chini akanieleza taratibu kwamba kuna mashine duniani kote zinabahatisha namba, usiku na mchana, na anayeipata analipwa sarafu, na sisi wadogo tunajiunga na wengine wengi ili tugawane kidogo kidogo kwa kadiri mashine zetu zilivyotoka jasho. Nikamuuliza, "Hiyo namba nani anaihitaji?" Akaniambia, "Hakuna, mama. Lakini ukiipata, kila mtu anaweza kuhakikisha kwamba kweli umefanya kazi." Jibu hilo lilinikaa. Nimefanya kazi maisha yangu yote, na kila mteja alinusa kwapa la shati kwanza ndipo aamini.

Basi tukaingia wanne. Mwalimu alitoa mshahara wake kununua mashine ya kwanza, huku akinung'unika, lakini alitoa. Mama Pacha akabeba umeme kwa pesa ya cherehani yake. Popo akaweka mikono yake na macho yake ambayo tangu hapo hayakulala, ndiyo maana tukamwita hivyo. Na mimi nikatoa chumba. Meza ya baba yenu niliiuza mimi, mchana kweupe, na nilimwambia kila mmoja wenu, lakini wewe Mwalimu umeng'ang'ania kwamba mdogo wako ndiye aliyeitoa nje. Popo alishika mguu mmoja wa meza, basi. Baba yenu angekuwa hai angeisukuma mwenyewe mpaka barabarani, maana hakupenda kitu kinachokaa bure. Iache hiyo meza, mwanangu, umeibeba muda mrefu mno.

Nipangusie mdomo. Asante, binti yangu.

Mvua ndizo zilizonifanya nizipende zile mashine. Kila dobi anajua mvua zinavyomuumbua: nguo zinakaa kambani mpaka zinanuka, wateja wanakuja na maneno, unawarudishia suruali ina unyevu kwenye mifuko. Feni za Popo zilikuwa zinatoa upepo wa moto kuliko jua la mchana, upepo wa bure, unatoka kwenye mashine kwa sababu hauna kazi, nami nikafunga kamba mbele yake. Shuka la nyumba ya wageni lilikuwa linakauka kabla sijamaliza kukamua la pili. Madobi wote wa mtaa huu wakawa wananiuliza nina dawa gani, na nikawaambia nina mtoto asiyelala. Miaka ile tulikula kwa joto la sarafu, wanangu, si kwa sarafu, maana sarafu zenyewe tulikuwa hatujagusa hata moja.

Jirani wa gereji alikuja kulalamikia kelele, na alipomaliza akaniuliza hiyo sarafu iko wapi aione, kwa sababu kitu kisichoshikika hakiwezi kuwa na bei. Nikamuuliza wiki iliyopita alinilipa nini. Gwanda lilikuja naye na liliondoka naye, lilelile, halikuongezeka uzi. Alinilipia uchafu ambao haupo tena. Akacheka mpaka akashika ukuta, lakini kuhusu kelele hakulegeza. Usiku huo nilijiuliza kama sikumdanganya, maana gwanda safi watu wanaliona, ila sarafu hii ina thamani kwa sababu tu kuna mwingine anayeitaka, na kesho akiamka haitaki, je? Nimelifikiria jambo hilo mbele na nyuma na sikulimaliza. Kitu kimoja nilikijua: tangu tulipoanza kutazama bei, nyumba hii haikutulia tena. Mama Pacha anaangalia simu huku ana pini mdomoni, Mwalimu anatoka darasani kuangalia simu, na mimi mwenyewe, mtu mzima, naamka nauliza bei kabla sijaitikia salamu. Popo peke yake ndiye aliyekuwa haangalii bei. Yeye aliangalia kama feni zinazunguka.

Nayo ile sheria yetu ikatumaliza. Tulikubaliana hakuna kuuza mpaka wote wanne tuseme ndiyo, na kila mmoja wenu amewahi kusema ndiyo, mimi pia nimesema, lakini hatujawahi kusema siku moja. Bei ikipanda, Mama Pacha anataka kuuza anunue cherehani ya umeme, na Mwalimu anasema ngojeni, bado inapanda. Bei ikiporomoka, Mwalimu anapiga kelele tuuze kabla haijaisha, na Mama Pacha anasema hauzi kwa hasara. Mimi nilikuwa naunga mkono aliyenipikia siku hiyo. Mnacheka? Ndivyo ilivyokuwa. Mara ngapi tumeinuka mezani chakula kimepoa na hatujauza kitu.

Lakini nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapotaka mfike. Maneno ya siri ya kufungulia zile sarafu, Popo aliwafundisha wote siku ya kwanza, na kila mmoja anayajua kama jina lake. Mwalimu, ulipokuwa unajenga na bati zikakushinda, ungeweza kuamka ukazihamisha zote kwa simu yako, na hakuna polisi ambaye angezirudisha. Mama Pacha, wewe uliuguza pacha wote wawili pamoja na hukuwa na kitu. Popo amelala na viatu vilivyotoboka pembeni ya mashine. Hakuna aliyegusa. Kisha nakusikia jikoni, Mwalimu, unamwita mdogo wako tapeli. Tapeli gani huyo anayemgawia kila mtu ufunguo?

Ngojeni kidogo. Ngojeni. Fungua dirisha. Hapana, lifunge, lina kelele za watu.

Nilipoanza kuishiwa pumzi na daktari akasema nisitoke tena kwenye mashine hii ya hewa, mliileta, mkaiweka hapa, na jioni ile ile mashine za chumba cha pasi zikanyamaza. Popo aliwaambia zimeharibika. Kwamba kuna kifaa kimeungua, kinaagizwa, kinakuja. Mwalimu, hapo ndipo uliposema huyu ni mvivu, bei inapanda kuliko wakati wowote na yeye amekaa anakuna kichwa mbele ya vyuma vilivyokufa. Mkamrushia maneno, na yeye akayameza.

Hazijaharibika, wanangu. Mimi nilikuwa humu. Popo aliwasha moja tu, moja, swichi kuu ikaanguka, taa ikazimika, na hii ya kwangu ikaanza kulia pii, pii, nami nikawa nafumbua mdomo kama samaki. Akaja mbio gizani akagonga goti kwenye kitanda hiki, akanishika mkono, kisha akaenda kuipandisha swichi, umeme ukarudi. Waya unaoingia nyumba hii ni mwembamba, na miaka ya mashine imeuchosha, hauwezi kubeba vyote viwili. Alikwenda akachomoa zote, akarudi akaniambia, "Mama, kile chumba kilikuwa na joto sana." Popo, usinikatize, nafahamu ulitaka nisijue. Ulifikiri nikijua nitautoa mrija puani mwenyewe. Na ni kweli, ningeutoa.

Kwa hiyo sarafu ambazo hamkuzipata miezi hii zote nimezivuta mimi, zimeingia puani. Mkitaka kujua thamani ya kitu chochote, hesabuni hiyo. Yeye hakuihesabu.

Na wewe Mwalimu, mwezi uliopita mdogo wako alipoomba tuuze kidogo tuvute waya mkubwa kutoka kwenye nguzo, Mama Pacha alikubali, mimi nilikubali, wewe ukasema tungoje bei. Hukujua. Inua kichwa, baba, sikukuambia ili ulie. Hukujua kwa sababu hukuambiwa, na hukuambiwa kwa sababu hukuuliza, umekuwa ukitangulia kukasirika tangu mdogo. Mshike mdogo wako. Si bega, mkono. Hivyo.

Sasa naagiza. Ile sheria ya watu wanne inaondoka na mimi. Mtabaki watatu, wawili wakikubaliana inatosha, na wa tatu asinune. Robo tatu za sarafu ni zenu, uzeni au msiuze, sitakuwepo kuulizwa. Lakini fungu langu liuzwe kesho. Kesho, hata kama nitakuwa bado nakoroma hapa, hata bei ikiwa chini ya miguu, lisingoje. Mwiteni fundi umeme, vuteni waya mnene kutoka kwenye nguzo mpaka ndani, na swichi kuu mpya, ili siku mwingine atakapoishiwa pumzi katika nyumba hii, asitokee mtoto wa kuchagua kati ya pumzi hiyo na mashine. Fungu langu lote liingie ukutani. Hiyo ndiyo thamani yake, nimeiona mimi, imetosha.

Popo abaki kwenye chumba chake. Anayemfukuza amenifukuza mimi.

Mniinue kidogo... hapo. Hapo panatosha.

Tangu ziliponyamaza sijalala vizuri. Mlidhani ni ugonjwa. Ni kimya. Nimezoea ule mvumo, ulikuwa unaniambia mtoto yuko nyumbani, nguo zinakauka. Nikimaliza... msianze kulia kwanza. Mama Pacha utazima hii ya hewa. Wewe, kwa mkono wako. Halafu Mwalimu... Mwalimu, wewe ambaye hujakanyaga chumba kile tangu siku ya meza... utaingia. Swichi iko kushoto, chini. Feni kwanza, ndipo mashine. Mdogo wako atakuonyesha. Washeni zote. Na mashuka haya niliyolalia yafuliwe, yaanikwe mbele ya upepo ule... yakauke vizuri... msiyakunje yana unyevu.

Mungu awape usingizi, wanangu. Awape riziki inayowaacha mlale. Akupe macho, Mwalimu, ya kutazama kabla ya kusema. Mama Pacha... watoto wako wakukalie karibu hivi hivi. Popo... mwanangu... lala. Leo lala.

Bei... imefika wapi?

Acha. Usiangalie simu. Nishike... nyote. Mkono wa nani huu, wa baridi... ni wako, Mwalimu? Usiuache wa mdogo wako.