Siku ya Kuondoka

Katika basi linalotoa abiria mlangoni na kuwapeleka kwenye ngazi za ndege, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akimweleza mwanamke aliyesimama kando yake jinsi alivyowazidi akili watu wa kodi.

"Kazi yangu iko nje, dada, na kodi nakatwa hukohuko. Lakini ukifikisha siku mia na themanini na tatu nyumbani kwa mwaka, na huku nao wanaukata kodi mshahara uleule. Mimi naondoka na mia na themanini na mbili. Binti yangu anaolewa Jumamosi, ila ndiyo hivyo, sheria ni msumeno."

Mwanamke, kumbe mhasibu, aliuliza kwa upole wa daktari anayetaka kujua kikohozi kilianza lini: "Na leo umeihesabu?"

"Leo si naondoka?"

"Siku ya kuondoka nayo ni siku, kaka yangu. Msumeno hukata mbele na nyuma."

"Hata kama sijala chakula cha mchana?"

"Hata kama hujanywa chai. Mia na themanini na tatu umeshafikisha; ungebaki tu ukamwoza mtoto."

Fundi alibisha. Nusu siku haiwi siku, alisema, hata mtoto wa chekechea anajua. Alinigeukia mimi niliyesimama nyuma yao, nimuunge mkono. Nikajifanya nasoma tiketi yangu.

Basi likasimama. Wengine wote tulishuka, mhasibu akimtakia fundi safari njema. Fundi alibaki ndani ameshikilia bomba la kujishikia, midomo ikihesabu.

"Mzee," dereva alimwita, "unapanda ndege au nikurudishe?"