Profesa Theda Holtkamp-Meinders, Dada Yake Focko

Marehemu Profesa Theda Holtkamp, wa ukoo wa Meinders, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Rhauderfehn, wilaya ya Leer, kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Eilert na Hilke Meinders, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kaka yake Focko alimtangulia kwa miaka miwili. Focko alikuwa na kifafa tangu utotoni, na maneno yalimtoka polepole. Hata hivyo, ndiye aliyembeba Theda mgongoni kuvuka mfereji barafu ilipokuwa nyembamba, kwa kuwa baba yao hakuiamini barafu ila alimwamini Focko.

Theda alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha sekondari mjini Leer, akienda kwa baiskeli mvua ikinyesha isinyeshe. Alimaliza mwaka 1957, akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa hesabu. Majira ya baridi ya mwaka huohuo baba yao akafariki. Mama alikwisha kutangulia. Baba mdogo, Menno, akashika shamba, kisha akaenda mahakamani kuomba Focko atangazwe kuwa mtu asiyeweza kujiamulia.

Siku ya shauri, daktari aliingia, baba mdogo akaingia, mlango ukafungwa. Focko alibaki kwenye benchi la nje, kofia magotini, Theda pembeni yake.

"Wanasema nini humo ndani?" Focko aliuliza.

"Wanakuzungumzia wewe."

"Sasa mbona mimi niko huku nje?"

Walitoka pale Focko akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na moja ambaye mbele ya sheria ni mtoto: hapigi kura, hauzi hata ndama, haoi bila idhini ya mlezi wake. Vuli ya mwaka 1958 Theda akaenda Göttingen, akajiandikisha kusoma sheria. Hesabu hakuigusa tena.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1966, na mwaka 1981 akawa profesa wa sheria ya familia na ulezi mjini Osnabrück. Haikuwa mada ya kumpatia mtu sifa. Katika kongamano moja mzee wa fani alimtania mbele ya watu: "Bibi Holtkamp, hayo ya ulezi ni mambo ya jikoni." Akamjibu, "Ndiyo, Profesa. Na wewe unakula wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mzee naye akacheka. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba kila muhula aliuanza kwa lile swali la Focko la kwenye benchi, kisha akanyamaza mpaka mmoja wao aanze kujikunakuna.

Tarehe 4 Mei 1968 alifunga ndoa na Ruprecht Holtkamp, fundi wa vinanda vya kanisani, mtu wa maneno machache na sikio kali. Mungu aliwajalia binti mmoja, Okka, anayewasomea wasifu huu. Bwana Ruprecht alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Baba mdogo Menno alifariki mwaka 1974, na mahakama ikamteua Theda kuwa mlezi wa kaka yake. Focko alikuwa akimpenda Gesche, muuza mikate, tangu zamani, na Menno alikuwa amewakatalia katakata. Theda aliendesha gari kutoka Göttingen akiimba njia nzima. Alimkuta Focko akiosha madebe ya maziwa.

"Kaka, oaneni! Kesho nasaini."

Focko hakuinua kichwa. "Nimekubeba mgongoni wewe. Leo nikuombe ruhusa ya kuoa?"

"Ni karatasi tu, kaka."

"Kama ni karatasi tu, iondoe. Si ndiyo kazi yako?"

Theda akamgeukia Gesche amsaidie. Gesche akacheka. "Usinitazame mimi, wifi. Kichwa kigumu hiki nilikichagua mwenyewe. Tutangoja."

Walingoja. Mara mbili Theda aliomba mahakama imfungue kaka yake; mara mbili maoni ya daktari yaleyale ya zamani yakamshinda. Ndipo akaacha kupigania mlango mmoja, akaenda kupigania nyumba nzima. Aliandika, akafundisha, akaitwa bungeni Bonn kutoa maoni sheria mpya ilipokuwa ikitungwa. Miaka ile alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Alimwambia mumewe, "Nikifa kabla, watampa mlezi asiyemjua." Ruprecht akamjibu, "Basi usife."

Januari 1992 sheria mpya ilianza kazi. Kumtangaza mtu mzima kuwa mtoto kulifutwa, na hakimu akatakiwa amsikilize mhusika mwenyewe, tena nyumbani kwake. Aprili hakimu kijana alifika Rhauderfehn. Focko akamwekea sukari ya mawe, akamimina chai, akaongeza malai. Hakimu aliuliza maswali yake, akamaliza kikombe kimoja, akasimama.

"Keti, Mheshimiwa," Focko akasema. "Hapa kwetu vikombe vitatu ndiyo sheria. Ukiondoka na kimoja, mimi nitaomba wewe ndiye uwekewe mlezi."

Hakimu akaketi. Kikombe cha tatu kilipokwisha, alisema hamwoni mtu wa kusimamiwa katika nyumba ile. Theda, aliyekuwa akisikiliza, alitoka nje uani, akashika ukuta, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Focko na Gesche walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1992. "Ndiyo" ya bwana harusi ilisikika mpaka barabarani. Kesho yake Theda alilala hadi saa saba mchana. Mumewe alimwamsha, akamwambia alikuwa amedhani amefiwa na mke.

Alistaafu mwaka 2003, akarudi Leer. Mwaka 2013 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Sauti ilipofifia, daktari mmoja alianza kuzungumza na Okka kana kwamba mgonjwa hayumo chumbani. Focko akamkatiza: "Daktari, mwenyewe yuko hapo. Muulize." Daktari akaomba radhi, akavuta kiti. Theda akasema anataka kwenda nyumbani, na nyumbani akapelekwa.

Wiki yake ya mwisho hakuwa na maumivu. Alimwuliza kaka yake, neno moja moja, "Utaweza bila mimi?"

"Nina mke, nina ng'ombe wawili, nina akili zangu," Focko akamwambia. "Pumzika, mdogo wangu. Sikudai chochote."

Theda alitabasamu. Alifariki akiwa usingizini asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019.

Ameacha binti yake Okka, mkwewe Tjark na mjukuu wake Imke; kaka yake Focko na wifi yake Gesche, pamoja na wanafunzi wengi waliojifunza kwake kuuliza kabla ya kuamua. Familia inalia, lakini haina kinyongo na siku zake: alichokwenda kukitafuta alikipata, na akaishi kukiona.

Amani ya Bwana imfunike, apumzike.