Debe la Samli Kwenye Benchi la Mzee Surur

Zamani hizo Eldoret ilikuwa bado inaitwa Sisibo, na Mzee Surur, Mnubi muuza kahawa, alikuwa na benchi lake karibu na stesheni ya gari la moshi. Jumamosi moja mchana walikaa hapo watu watatu. Kulikuwa na Shitanda, mpishi wa mzungu wa serikali, jina la benchini Bwana Supu. Kulikuwa na Wepukhulu, kuli wa stesheni, waliyemwita Askofu kwa sababu ya methali zake, ambazo hata moja haikuwahi kuangukia mahali pake. Na kulikuwa na Kipyego, tarishi wa ofisi, na debe la samli katikati ya miguu yake. Karani wa duka alikuwa amelikataa muda mfupi uliopita, mbele ya watu: "Imeoza hii! Toa hapa!" Samli ilikuwa ya mama yake mzazi, Jelagat wa Moiben. Lakini benchi lilipomwuliza ni ya nani, Kipyego alijibu ni ya jirani wa huko huko. Uongo ulimponyoka tu.

— Mwaga tu hapo kwa mtaro, alisema Shitanda huku amejiziba pua. Jirani atajuaje?

— Kama humwagi, funika, alisema Wepukhulu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Itaambukiza kahawa.

— Samli si samaki, Askofu!

— Methali haichagui.

Mzee Surur alitua birika chini kwa kishindo. Mzee huyo angeweza kuvumilia deni, mvua na askari wa manispaa, lakini si uvivu wa ulimi.

— Imeoza, imeoza! Hamna neno lingine? Mimi nimesoma kwa sheikh, kule Mumias. Kwa Kiarabu kila kitu kinaharibika na jina lake. Maji, asina. Yai, madhira. Nyama, khamma. Tende, khamija. Mafuta, zanikha. Na samli peke yake, sanikha! Mwarabu hakidharau kitu, hata kikinuka.

— Na soksi, Mzee? aliuliza Shitanda.

— Soksi za nani?

— Za bwana wangu.

— Hizo ni mali ya serikali. Sina ruhusa.

Walicheka mpaka Wepukhulu akamwaga kahawa kwenye goti.

— Sisi Wabukusu hatuna haja na maneno yote hayo, alisema akijipangusa. Sisi tuna pua. Na pua yangu inasema hii ni nzige. Ng'ombe walikula majani yenye nzige waliokufa.

— Nzige walienda zamani, wewe! alisema Shitanda. Hii ni moshi. Gari la moshi likipanda Timboroa linatapika moshi, upepo unaleta mpaka malishoni. Ng'ombe anavuta, jioni anakamuliwa moshi.

— Kwa hivyo ng'ombe wa Moiben anavuta kiko?

— Na akikosa tumbaku anakohoa siagi!

Kipyego hakucheka. Waliposema moshi moyo wake uliruka. Aliijua harufu ile tangu hajaota meno. Yalikuwa makaa ya mti wa senetwet, ambayo mama yake huyasaga na kusugulia kibuyu kwa ndani kabla ya kutia maziwa. Lakini angeanzaje kusema, yeye tarishi mwenye vifungo vya shaba? Wangesema watu wa kwao wanakunywa makaa.

Mzee Surur alichovya kidole, akanusa, akalamba.

— Sanikha? Hapana. Zanikha? Wapi! Hii haijaharibika hata kidogo. Lakini ina kitu, na hicho kitu sina jina lake, wallahi. Kijana, huyo jirani yako anafanya nini na maziwa?

— Sijui, Mzee.

Uso ulimwaka moto. Shitanda alikuwa amechoka kungoja. Aliinama, akalishika debe, akaliinamisha juu ya mtaro.

— Kama wewe hujui, sisi tutajua wapi? Imwagike!

— Weka chini!

Alikuwa Nekoye, mama anayepikia arusi za kanisani, anapita na kikapu chake. Alisogea, akainusa samli polepole, akafumba macho.

— Woi! Hii ni mkono wa mama gani?

Mzee Surur alimtazama Wepukhulu, Wepukhulu akamtazama Shitanda, na Shitanda akalitazama debe.

Kipyego alisimama.

— Ya mama yangu, alisema. Akarudia kwa nguvu mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka: Ni ya mama yangu, Jelagat wa Moiben! Hakuna jirani. Anasugua kibuyu na makaa ya senetwet, na mimi nimelelewa na maziwa hayo!

— Makaa? aliuliza Shitanda.

— Makaa, ndiyo! Lamba uone.

Shitanda alilamba. Akalamba tena.

— Hilo sheikh wa Mumias hakunifundisha, alisema Mzee Surur kwa upole.

Kipyego alilichukua debe lake, akajitwika kichwani mchana kweupe, jambo ambalo tarishi yeyote wa Sisibo hangethubutu kufanya. Akakata barabara, shingo imenyooka, kurudi dukani kumtajia yule karani jina la mama yake.