Mkanda Uliomtoa Wafa Darasani

Mgeni rasmi uliyetuletea mikanda ya kupima umakini, mwalimu mkuu, wazazi wetu: shikamooni!

UKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa darasa la saba, Shule ya Msingi Kilimawima, hapa Madale, tunasema karibu sana. Pole na mlima na vumbi letu. Pilau inanukia, tutajitahidi tusikucheleweshe wala tusijicheleweshe.

HISTORIA FUPI
Mikanda ilifika muhula uliopita. Unaivaa kichwani. Taa ikiwaka kijani, akili zako zipo darasani. Ikiwaka nyekundu, zimeshakwenda Mwenge kuzurura. Mwenye nyekundu hutolewa kwenye hisabati, akacheze mchezo wa kupasua mapovu kwenye kishikwambi mpaka ubongo utulie.

MAFANIKIO
Adelard, msomaji wa risala hii, ndiye kinara wa kijani shule nzima. Amepewa fulana. Mgeni rasmi, Adelard hulala macho wazi tangu darasa la tatu, na mwenyewe hakatai. Mkanda unampenda kwa kuwa hatikisiki.

CHANGAMOTO
Changamoto ni Wafa. Wafa amekulia madrasa ya bibi yake, na kule mtu akihifadhi huyumba mbele na nyuma. Hata hesabu hazimwingii asipoyumba. Akiyumba tu, nyekundu! Siku moja Mwalimu Demetria alimshika mabega. Taa ikawa kijani, jibu likapotea.

"Jamani mwalimu, niache, lilikuwa linakuja!"

Tulicheka, na mwalimu akacheka. Kisha Wafa akatolewa nje, wala hatukucheka tena. Sasa ni bingwa wa mapovu, asilimia hazijui, na mtihani wa kumaliza shule umekaribia. Akifeli, baba yake anamweka dukani. Yeye anataka sekondari. Analia chooni akidhani hatumsikii, na inatuuma, maana ndiye aliyekuwa akitufundisha sisi.

MAOMBI
Tunaomba Wafa arudi darasani leo, ayumbe mpaka achoke.

Mgeni rasmi, hili halimo kwenye karatasi, Adelard anaongeza mwenyewe. Ule mkanda uliovalishwa kwa ajili ya picha hujauvua. Tuliposema Wafa analia ulitikisa kichwa, taa ikawaka nyekundu. Walimu wameiona. Sisi tunajua ulikuwa unasikiliza.

Mola akuzidishie afya, na huruma hiyo isikutoke.

Ni sisi, Darasa la Saba: tulio mbele yako, na mmoja aliye chumba cha pili anapasua mapovu.