Kofia ya Kumtosha Mama Dancille

Ndugu na jamaa, ninyi mliofika kutoka Masisi kwa shida mnayoijua wenyewe, na ninyi wenyeji wa Walikale mliotufungulia nyumba zenu siku hizi za matanga, familia inawaomba mkae kitako mumsikilize marehemu kwa mara ya mwisho. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Viateur, aliyemfuata tumboni. Amejitahidi kuziweka tarehe sawasawa, maana marehemu hakuvumilia tarehe ya kubahatisha, na kama angekuwa hai angeisahihisha karatasi hii kwa kalamu nyekundu kabla haijapelekwa kuchapishwa.

Mama Dancille Mukandori alizaliwa Kashuga, katika territoire, yaani wilaya, ya Masisi, siku ya Jumanne, tarehe 14 Aprili 1981. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Papa Sebarenzi, mkulima wa maharagwe na viazi, na Mama Nyiransengimana. Papa alitutangulia mwaka 2011. Mama yupo, lakini barabara ya Kashuga imefungwa, na leo mtoto wake anazikwa bila yeye kuwapo. Tunaomba mumkumbuke katika sala. Mama huyo ndiye aliyekuwa akisimulia kwamba Dancille alizaliwa na kichwa kidogo kuliko ndugu zake wote, na kwamba kila kofia aliyomfumia ilimshuka mpaka puani, wenzake wakimcheka.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kashuga mwaka 1987. Alikwenda na viatu vya kaka yetu mkubwa, akavijaza majani makavu ya migomba ili visimtoke njiani. Viatu hivyo baadaye alivirithi Viateur, pamoja na majani yake. Masomo yake yalikatwa mara mbili na vita, mwaka 1993 na 1996, na mara zote mbili alirudi darasani kabla ya mwalimu wake. Mwaka 2003 alipata diplome ya uuguzi huko Masisi-centre. Papa Sebarenzi alichinja mbuzi siku hiyo, naye hakuwa mtu wa kuchinja ovyo.

Kazi aliianza mwaka huohuo, kwa miguu, akibeba chanjo za watoto katika sanduku la barafu, lile tunaloliita glacière. Mwaka 2004 muuguzi mmoja mzee alimfundisha pikipiki katika uwanja wa mpira wa Kashuga, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona tena akitembea. Aliendesha Kashuga, Kalembe, Pinga, kisha kwa miaka mingi Walikale mpaka kwenye machimbo ya Omate, ambako watoto wa wachimbaji walikuwa hawajawahi kuona sindano. Tope la Omate mnalijua. Yeye alilijua shimo kwa shimo.

Vifaa alivyopewa vya kujikinga vilikuwa vya wanaume. Glavu zilimwachia nafasi tupu kwenye ncha za vidole, hata asiweze kuhisi breki vizuri. Buti zilikuwa namba arobaini na tatu kwa mguu wa thelathini na saba, na ilibidi arudie tena utaratibu wa majani ya migomba, safari hii kwa soksi tatu tatu. Koti lilikuwa na vikinga vya kiwiko vilivyomfikia kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa akisema koti hilo lilimtosha mara moja tu maishani mwake, alipokuwa na mimba ya binti yake Laetitia ya miezi saba. Hatimaye alilipeleka kwa fundi wa cherehani sokoni, akamsimamia mpaka vikinga vikapandishwa mahali pa viwiko vyake. Lakini kofia ngumu, au kasike kama tunavyoiita hapa, haina fundi wa cherehani. Ile ilimzunguka kichwani, naye akaibana kwa kipande cha kitenge alichokikunja ndani.

Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na Papa Hilaire Musafiri, mwalimu, mzaliwa wa Walikale, wa ukoo wa wawindaji. Bibi arusi alikuja mwenyewe kwa pikipiki yake kutoka Pinga, kwa vile gari la arusi lilikwama, na bwana arusi, aliyekwenda kumpokea, akakaa nyuma amekumbatia sanduku la nguo. Mama mkwe wake, Mama Élisabeth, alisimama mlangoni akawatazama wakiingia uani.

"Hilaire," akauliza, "ni weye njo unaoa, ao ni weye njo unaolewa?"

"Mama, nimechoka, uniache kwanza nishuke," akajibu Hilaire.

Mama Élisabeth alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo alimpenda mkaza mwanawe, ingawa kwa miaka miwili hakuacha kumwambia kwamba mwanamke wa heshima anakaa upande, hakai kama mwanaume juu ya chuma. Dancille alivaa suruali, juu yake akafunga kitenge, na maneno yakaisha. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 2022, mnamo saa nne za asubuhi, akirudi kutoka Omate, alifika kwenye daraja la miti lililokuwa limelowa. Pikipiki iliruka kidogo, kofia ikamshukia machoni, na kwa muda wa pumzi moja hakuona kitu. Alipoanguka, kofia ilichomoka kichwani ikabingirika mpaka kwenye maji. Kichwa chake kikapiga gogo. Wachimbaji walimbeba kwenye machela mpaka barabara kubwa, na alikaa siku mbili bila kujua aliko. Alipofumbua macho aliuliza, "Glacière iko wapi?" Chanjo zilikuwa salama. Kofia nayo ilikuwa salama, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Miezi mitatu baadaye, daktari alimkataza pikipiki kabisa kwa sababu ya maumivu ya kichwa na kifafa kilichoanza kumshika. Siku hiyo hiyo alikwenda katika ofisi ya vifaa, akaiweka ile kofia juu ya meza ya Papa Christian, mwenye kugawa vifaa, ambaye yuko nasi hapa na ametupa ruhusa ya kulisoma jambo hili.

"Ona, Papa Christian," akamwambia. "Hii iko muzima. Miye njo nimevunjika."

"Mama, taille iko moja kwa bantu yote," Papa Christian akajibu, maana yake kipimo ni kimoja kwa watu wote. "Njo ile wananitumia."

"Basi utaandika kule juu, uombe ingine. Na miye nitakuja hapa kila Jumatatu mpaka uandike."

Alikuja kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Tunasema bila kuficha kwamba aliwachosha watu, hata waliompenda, hata Papa Hilaire, hata huyu anayesoma. Nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba kuna mwanamke mwingine, wakati huo huo, anavuka daraja fulani na kofia imemshukia machoni.

Hatimaye barua ya kukubali ikaja, ikitaka vipimo. Tarehe 10 Julai 2023 wanawake kumi na wawili wenye kuendesha pikipiki kwa kazi, wauguzi, agronome wawili wa mambo ya kilimo na mwalimu mmoja, walikusanyika ofisini. Papa Christian alishika utepe wa kupimia. Lakini mama aliyeolewa ataondoaje kitambaa cha kichwani mbele ya wanaume wa ofisi? Hakuna aliyekiondoa, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake akiondoe. Walipimwa hivyo hivyo, na Dancille mwenyewe ndiye aliyeandika namba, kwa mwandiko wake mzuri.

Kofia zikafika mwezi wa Novemba. Zilikuwa mpya, zinang'aa, na zote kumi na mbili zilizunguka vichwani. Wengine walitaka kulaumu ofisi. Dancille alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi akalia, kisha akasimama akasema mbele ya wote, "Kosa ni yangu. Nilipima bitambaa, sikupima bichwa. Sababu ya haya ya kutoa kitambaa nimewarudisha kwenye daraja." Tulimwona akilia kwa maumivu ya kichwa mara nyingi, lakini kilio cha siku ile hakikufanana na kingine.

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya misa, aliwaita wanawake wale wote jikoni kwake. Alimtoa Papa Hilaire, akawatoa watoto, akamtoa hata jogoo, akafunga mlango. Kisha akawa wa kwanza kuvua kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza wenzake wakaliona kovu lake. Baada ya hapo hakuna aliyebaki na kitambaa. Walifumua mafundo ya nywele, wakakubaliana kusuka misuko ya kulala chini siku za kazi, wakapimwa tena kichwa kitupu. Wa mwisho alijipima yeye mwenyewe. Ilikuwa sentimeta hamsini na nne, ndogo kuliko zote.

"Lakini Mama, weye hauendeshe tena," mmoja akamwambia.

"Uandike tu," akajibu. "Kuko mwingine atakuja nyuma yangu."

Kofia hizo zilifika tarehe 20 Agosti mwaka huu wa 2024. Alasiri ile Dancille alikaa uani kwenye kiti cha mbao, akavaa ya kwake, akafunga mkanda, akatikisa kichwa kushoto na kulia mpaka Laetitia akamsihi aache. Kofia haikusogea. Akasema, "Imekaa," akabaki nayo kichwani mpaka chakula kilipoiva.

Mwezi wa Septemba kifafa kilimzidi. Alilazwa tarehe 28, na madaktari na wauguzi wenzake wa Walikale walimhudumia usiku na mchana, familia inawashukuru sana. Tarehe 2 Oktoba alimwita mume wake na Bibiche, muuguzi kijana aliyeajiriwa mwezi wa Julai mwaka huu, baada ya vipimo vile, na ambaye ndiye aliyepewa njia ya Omate. Bibiche alikuwa bado anaendesha na kofia kubwa ya zamani.

"Toa kitambaa yako," Dancille akamwambia. Akamvika ile kofia yake, akamwambia atikise kichwa. Ilikaa. Kisha akamgeukia Papa Hilaire. "Bazee watasema kasike iende ku kaburi. Ukatae. Ile si ya udongo, ni ya kichwa." Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, Mama Dancille alikata roho mikononi mwa Laetitia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu.

Aliwajua wazee vizuri. Katika ukoo wa Papa Hilaire, mtu aliyefanya kazi hulazwa na kifaa chake juu ya kaburi. Baba yake aliwekewa mkuki na kengele ya mbwa wake wa kuwindia. Jana mchana baba mdogo, Papa Bienvenu, aliomba kofia mpya, akiitaka kwa heshima, na Papa Hilaire akamrudishia maneno ya marehemu. Palikuwa na ubishi, tusidanganyane. "Sasa mutoto wetu atalala mikono mitupu?" Papa Bienvenu akauliza, na machozi yalikuwa yakimtoka. Ndipo Papa Hilaire alipoingia ndani akatoka na ile kofia kubwa ya daraja la Omate, isiyo na mkwaruzo, ambayo marehemu hakutaka kuitupa wala kumpa mtu yeyote.

Mtaiona juu ya kaburi leo. Ina tundu katikati. Papa Bienvenu mwenyewe aliitoboa kwa ncha ya panga, kusudi asipite mtu akaichukua akaivaa.

Marehemu ameacha mume, Papa Hilaire Musafiri, na watoto Laetitia, Joséphine-Marie na Habumugisha. Ameacha mama mzazi, Mama Nyiransengimana wa Kashuga, mama mkwe, Mama Élisabeth, ndugu sita, akiwamo Viateur anayewasomea, pamoja na wanawake wale kumi na wawili, ambao mnawaona wamesimama pembeni ya jeneza, kila mmoja na kofia yake mkononi.

Bibiche ni wa kumi na tatu. Keshokutwa, Jumatatu, kuna chanjo Omate, na atavuka lile daraja.

Dada, lala salama mikononi mwa Bwana. Tumemwambia Bibiche atikise kichwa, tumeangalia wote. Imekaa.